RAMADHANI 22: SULTANI SULEIMAN, ALIYEWASIKILIZA WATU WOTE ISIPOKUWA WATU WA NYUMBANI KWAKE

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tumeshaingia kumi la mwisho na siku zinakimbia. Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko ya jana, basi usiisome huku unapindua sambusa. Iweke, uisome baada ya tarawehe au wakati unasubiri daku.

Leo tukae na mtu ambaye wengi wenu mnamjua. Wengine mlimsoma madrasa. Wengine, tusifichane, mmemjua kwenye ile tamthilia ya Kituruki iliyowakalisha watu sebuleni mpaka chai ikapoa. Ni Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniyya, aliyekaa kitini miaka 46, kuanzia 1520 hadi 1566.

Nimemchagua kwa sababu ya tarehe. Ilikuwa siku kama hizi, kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 942 Hijria, sawa na Machi 1536. Waziri mkuu wake, Ibrahim Pasha, aliitwa ikulu kula na sultani kama ilivyokuwa desturi yao. Wamekua pamoja tangu ujana, amekuwa waziri mkuu kwa miaka 13. Alikula, akapewa chumba cha kulala humo humo ikulu. Asubuhi alikuwa maiti. Walimnyonga usiku, katika mwezi huu ambao sisi tunaombana radhi.

Tutafika huko. Lakini kwanza nataka uone kiti chenyewe kilipatikanaje na kilishikwaje, maana ukianza na lile tukio la usiku peke yake utamwona Suleiman ni katili tu, na utakuwa umemkosea. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linaloumiza.

*Kiti kilivyopatikana*

Suleiman alizaliwa mwaka 1494 katika mji wa Trabzon, kando ya Bahari Nyeusi. Aliyekuwa kitini wakati huo ni babu yake, Bayezid wa Pili. Mwaka 1512 baba yake Suleiman, Selim, alimlazimisha mzee wake mwenyewe aachie kiti. Mzee akaondoka mjini, akafariki njiani muda mfupi baadaye. Kisha Selim akawaua ndugu zake wawili, Ahmed na Korkud, na watoto wa kiume wa ndugu zake pia.

Hapa unaweza kuuliza, jamani, hawa si Waislamu? Ni Waislamu. Wanasali, wanafunga, wanajenga misikiti. Lakini ukoo ule ulikuwa na kanuni iliyowekwa na Mehmed Mfatihi, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453. Kanuni ilisema mwana atakayepata kiti anaweza kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa nchi. Hoja yao ilikuwa hivi: hakuna sheria inayosema mkubwa ndiye arithi, kila mwana wa sultani ana haki ya kugombea, na wakigombea nchi inapasuka na maelfu wanakufa. Basi bora wafe wachache wa nyumba moja, wapone maelfu. Hoja hii ishike, tutairudia.

Selim alitawala miaka minane tu, lakini katika miaka hiyo aliwapiga Wasafavi wa Iran pale Chaldiran mwaka 1514, akachukua Shamu na Misri kutoka kwa Wamamluki mwaka 1516 na 1517, na Sharifu wa Makka akakubali kuwa chini yake. Tangu hapo masultani wa Uthmaniyya wakajiita watumishi wa misikiti miwili mitukufu.

Alipofariki mwaka 1520, Suleiman hakuwa na ndugu wa kiume wa kushindana naye. Akaingia kitini bila kumwaga damu ya mtu wa nyumbani. Na mambo yake ya kwanza yalikuwa ya haki. Mafundi ambao baba yake aliwahamisha kwa nguvu kutoka Misri aliwaruhusu warudi kwao. Wafanyabiashara wa hariri ambao mali zao zilishikwa kwa sababu ya vita na Iran aliwalipa fidia. Mkuu wa majini aliyekuwa anajulikana kwa ukatili alishitakiwa na akauawa. Watu wakapumua. Wakasema, huyu siye baba yake.

*Nchi ilivyopanuliwa*

Kisha akaenda vitani, kwa sababu sultani wa zama zile asiyeshinda vita hana jeshi la kumtii. Mwaka 1521 akachukua Belgrade. Mwaka 1522 akauzingira mji wa Rhodes kwa miezi kadhaa. Mashujaa wa Kikristo waliokuwa wakiushika waliposalimu amri, aliwaacha waondoke salama na silaha zao. Tarehe 29 Agosti 1526, pale Mohács, jeshi la Hungaria lilivunjika kwa muda wa saa chache tu, na mfalme wao kijana akafa akikimbia.

Sasa tazama mwaka huo huo wa 1526 upande wa pili wa dunia. Mwezi Aprili, pale Panipat karibu na Delhi, Babur, mwana wa mfalme wa ukoo wa Timur kutoka Asia ya Kati, alilishinda kwa jeshi dogo jeshi kubwa la Sultani Ibrahim Lodi lenye tembo wa vita. Ndipo ilipoanza dola ya Wamughal ya India. Mohács na Panipat zilishinda kwa dawa moja: baruti, mizinga na bunduki, pamoja na wapanda farasi wanaojua kuzunguka. Tena mmoja wa mafundi wa mizinga wa Babur aliitwa Mustafa, akitokea Rumi, yaani nchi za Waturuki.

Katikati ya hao wawili walikuwepo Wasafavi. Shah Ismail aliingia Tabriz mwaka 1501 akiwa kijana mdogo, akatangaza ushia kuwa madhehebu ya dola. Nguvu yake ilikuwa makabila ya wapiganaji waliovaa vilemba vyekundu, waliomwona yeye ni kiongozi wa roho na wa vita kwa pamoja. Pale Chaldiran mapenzi yao yalikutana na mizinga ya Selim, na mizinga ikashinda. Mtoto wake, Shah Tahmasp, alijifunza. Suleiman alipokwenda kumpiga, Tahmasp hakukubali kusimama uwanjani. Alichoma mashamba, akafukia visima, akarudi nyuma milimani, akaliacha jeshi la Uthmaniyya lipigane na njaa na baridi. Suleiman aliichukua Baghdad mwaka 1534, akalijenga upya kaburi la Imamu Abu Hanifa, akazuru pia Najaf na Karbala. Iran yenyewe hakuipata. Mwaka 1555 wakaandikiana amani pale Amasya.

Mipaka ya nguvu yake ilionekana Vienna pia, mwaka 1529. Mvua ilinyesha safari nzima, mizinga mikubwa ikakwama kwenye matope, na majira ya baridi yakamrudisha nyumbani. Dola hizi zilitembea kwa kwato. Umbali ambao jeshi lingeweza kwenda na kurudi kabla ya baridi, hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa dola. Hata huku kwetu pwani harufu yake ilifika kwa mbali tu. Miaka kama 20 baada ya Suleiman kufariki, Amiri Ali Bey alikuja na merikebu chache, miji kadhaa ikampokea ikitumai kuondokana na Wareno, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata Mombasa. Istanbul ilikuwa mbali mno.

*Nchi ilivyoshikwa*

Kuteka nchi ni kazi ya majira moja ya kiangazi. Kuishika ni kazi ya kila siku, na hapa ndipo Suleiman alipowapita wengi. Sisi tunamwita Mtukufu, jina la Wazungu. Waturuki wanamwita Kanuni, na neno hilo ndilo hili hili letu la kanuni. Ni mtu wa sheria.

Hebu fuatana nami kijijini. Wewe ni mkulima, Muislamu au Mkristo, katika nchi za Balkani au Anatolia. Ardhi unayolima ni ya dola, lakini ukiilima na kulipa kodi hakuna wa kukufukuza, na mwanao anaendelea baada yako. Kodi yako haiendi yote Istanbul. Amepewa askari mmoja wa farasi aikusanye, na hiyo ndiyo riziki yake. Kwa riziki hiyo anatakiwa aje vitani na farasi, silaha na watu wake. Asipokuja ananyang'anywa. Ardhi si yake, watu si wake. Makarani wa dola wamepita kijiji kwa kijiji, wameandika nyumba, mashamba na kiasi cha kodi. Kila mkoa una kitabu chake cha kanuni. Akikutoza zaidi ya kilichoandikwa, una pa kushitaki.

Pa kushitaki ni kwa kadhi. Na hapa kuna jambo zuri sana. Gavana mwenye askari hakuruhusiwa kumpa mtu adhabu bila hukumu ya kadhi. Na kadhi mwenye hukumu hakuwa na mkono wa kuitekeleza mwenyewe. Mmoja ana kalamu, mwingine ana upanga, na wote wawili wanateuliwa na sultani. Ukiona kadhi wako amenunuliwa, unaweza kupeleka barua yako mpaka baraza kuu la Istanbul. Na watu walipeleka. Kuanzia mwaka 1545 mufti mkuu wake alikuwa Abu Suud, mwanazuoni mkubwa, aliyekaa miaka mingi akizioanisha kanuni za dola na fiqhi ya Kihanafi.

Kisha kulikuwa na waqfu. Suleiman alizijenga upya kuta za Baitul Maqdis, na ukienda leo unazikuta. Alimwagiza Sinan ajenge msikiti wa Süleymaniye, uliomalizika mwaka 1557, na kuuzunguka zikajengwa madrasa, hospitali na jiko la kulisha masikini. Mkewe Hürrem alifungua jiko la namna hiyo Baitul Maqdis. Mtu masikini hakuiona dola kwa upanga tu, aliiona pia kwenye bakuli la supu.

Ila kulikuwa na upande mwingine. Nani alikuwa waziri, nani alikuwa jemadari? Wengi wao walikuwa wavulana wa Kikristo waliochukuliwa kwa wazazi wao vijijini Balkani, wakasilimishwa, wakafundishwa, waliofanya vizuri wakapandishwa. Sinan mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kutoka kwao walipatikana askari wa miguu wenye bunduki walioitwa Wajanisari, na mawaziri wakuu pia. Sababu yake iko wazi. Mtoto wa ukoo mkubwa ana wajomba, ana mashamba, ana watu wa kumtetea. Huyu hana mtu ila sultani. Cheo chake, mke wake, nyumba yake, vyote vinatoka kwa sultani, na sultani akitaka kuvichukua na roho pamoja navyo, hakuna ukoo wa kuuliza. Ni mpango wenye nguvu sana, na ni mgumu kuupatanisha na ulinzi ambao sharia inawapa watu wa dhimma na watoto wao.

Linganisha na majirani. Iran ya mwanzo haikuwa na watu wa namna hiyo. Ismail alipofariki mwaka 1524, Tahmasp alikuwa mtoto wa miaka kumi, na wakuu wa makabila wakapigana wao kwa wao kwa karibu miaka kumi. Ndiyo maana Shah Abbas, aliyeingia mwishoni mwa karne ile, alijenga jeshi lake la watumwa kutoka Georgia, Armenia na Circassia ili awe na watu wasio na kabila. India, Akbar alichukua njia nyingine. Aliwaoa mabinti wa wafalme wa Rajputi, akawapa baba na kaka zao vyeo vya jeshi, mwaka 1564 akafuta jizya, na kila mwenye cheo akapewa daraja lenye idadi ya askari anaopaswa kuwaleta. Mmoja alitegemea watu wasio na jamaa, mwingine aliwafanya maadui kuwa mashemeji. Wote watatu walikuwa wanajibu swali moja: nitamwamini nani?

*Ibrahim*

Sasa turudi kwa Ibrahim. Alitoka Parga, pwani ya Ugiriki, familia ya kawaida. Alichukuliwa mtumwa akiwa mdogo, akakutana na Suleiman wakati Suleiman bado ni mwana wa mfalme. Wakawa marafiki wa chanda na pete. Mwaka 1523 Suleiman akamruka kila mtu akamfanya waziri mkuu. Misri ilipochafuka, Ibrahim ndiye aliyetumwa kuipanga upya. Kwenye vita vya Iran alikuwa mbele na jeshi kabla sultani hajafika. Kasri lake kwenye uwanja mkuu wa Istanbul bado lipo, leo ni makumbusho.

Watu wakaanza kusema. Amejikweza. Anajiita kwa cheo chenye jina la sultani ndani yake. Amemchongea mwenzake, mkuu wa hazina, mpaka akauawa. Pengine mengine yalikuwa kweli. Lakini hakuna mahakama iliyokaa. Hakuna kadhi aliyesikiliza, hakuna shahidi aliyeapa, hakuna Ibrahim aliyejitetea. Kulikuwa na chakula cha jioni, na chumba. Mali yake yote ikarudi hazina. Watu wa Istanbul walikuwa wakimwita Makbul, aliyekubaliwa. Baada ya hapo wakabadilisha herufi moja tu, wakamwita Maktul, aliyeuawa.

Yule mkulima wa kijijini, asiyejulikana jina, alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla hajachapwa fimbo moja. Rafiki wa miaka yote hakuwa nayo.

*Mustafa*

Mtoto mkubwa wa kiume wa Suleiman aliyebaki hai aliitwa Mustafa, aliyezaliwa mwaka 1515. Alipewa kutawala mkoa kama desturi, kwanza Manisa, baadaye Amasya. Wajanisari walimpenda. Watu walisema huyu ndiye sultani ajaye. Na kupendwa huko ndiko kulikomponza, maana baba yake alikumbuka vizuri babu alivyoondolewa na mwanawe. Hofu ile haikutoka hewani. Aliirithi pamoja na kiti.

Mwaka 1553 jeshi lilikuwa njiani kwenda Iran. Waziri mkuu Rüstem Pasha, ambaye alikuwa mkwe wa sultani, alipeleka habari kwamba askari wanataka kumweka Mustafa, na kwamba Mustafa ana mawasiliano na Wairani. Suleiman, aliyekuwa anakaribia miaka 60 na afya yake si nzuri, akaja mwenyewe. Tarehe 6 Oktoba, karibu na Ereğli katika mkoa wa Konya, Mustafa aliitwa kwenye hema la baba yake. Akaenda. Ndani hakumkuta mtu wa kuzungumza naye, alikuta wanyongaji.

Mwili uliwekwa nje ya hema ili askari wauone. Wajanisari waliomboleza, wakamlaumu Rüstem, na sultani akamwondoa ili kuwatuliza. Miaka miwili baadaye akamrudisha. Mtoto mdogo wa Mustafa aliuawa pia, huko Bursa. Na Cihangir, mtoto wa mwisho wa Suleiman, kijana mwenye kibiongo, alifariki wiki chache baadaye mjini Halab.

Kwenye tamthilia lawama nyingi anabebeshwa mama, Hürrem. Tuwe waadilifu, ndugu zangu. Huenda alitaka wanawe wapone, maana alijua kanuni ya nyumba ile: Mustafa akiwa sultani, wanawe watakufa. Lakini amri haikutoka kwake. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa na kalamu, mtu ambaye nchi nzima ilimjua kwa kuwataka magavana wake wasikilize kwanza ndipo waadhibu.

Na je, damu ile ilileta utulivu ulioahidiwa? Hürrem alifariki mwaka 1558. Wakabaki watoto wawili tu wa kiume, Selim na Bayezid, wa mama mmoja na baba mmoja, na mwaka uliofuata walipigana vita kamili karibu na Konya, baba yao akiwa bado hai na akiwa upande wa Selim. Bayezid akashindwa, akakimbilia kwa Shah Tahmasp na watoto wake wanne. Yakaenda mabalozi, ikaenda dhahabu nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1560 Bayezid na watoto wake wote wanne wakakabidhiwa kwa watu wa Suleiman, wakanyongwa huko huko Iran.

Suleiman akabaki na mtoto mmoja. Mwaka 1566, akiwa na miaka 71, mgonjwa, alipanda kwenda vitani Hungaria kwa mara ya mwisho. Alifia ndani ya hema wakati jeshi lake limeuzingira mji wa Szigetvár, na mji ulianguka karibu wakati huo huo. Waziri mkuu wake, Sokollu Mehmed Pasha, alikificha kifo kile kwa wiki kadhaa ili jeshi lisivunjike kabla Selim hajafika. Bwana wa mabara matatu alikuwa maiti, na karani zake ziliendelea kutoka kama vile yu hai. Hiyo ndiyo sifa ya dola aliyoijenga: iliweza kwenda bila yeye. Na hao wote waliouawa, waliuawa kwa kuhofiwa kwamba haitaweza.

*Waliofuata*

Ile hoja niliyokuambia uishike, ya wachache kufa ili wengi wapone, ilizidi kukua. Mwaka 1595 kitukuu cha Suleiman, Mehmed wa Tatu, alipoingia kitini, waliuawa ndugu zake 19 kwa pamoja, wengine wakiwa watoto wadogo. Mji wa Istanbul uliyaona majeneza yakitoka na watu hawakuvumilia. Mtoto wake, Ahmed, alipoingia mwaka 1603, alimwacha ndugu yake hai. Kwa hiyo iliwezekana. Nchi haikupasuka siku ile.

Wala majirani hawakuwa salama. Shah Abbas aliamuru mwanawe Safi Mirza auawe mwaka 1615, na wanawe wengine wawili akawapofua macho. Alipokufa hakuwa na mtoto wa kumpa kiti, akamwachia mjukuu. India, Aurangzeb alimfungia baba yake Shah Jahan mwaka 1658, akamuua kaka yake Dara mwaka uliofuata, na alipofariki mwaka 1707, wanawe wakaanza kupigana kama alivyopigana yeye. Dola tatu, Sunni na Shia, India, Iran na Rumi. Kodi walizipanga, makadhi wakawaweka, mizinga wakaisubu. Swali la nani atarithi na tutamwaminije, hawakulipatia jibu lisilo na damu kwa muda mrefu sana.

*Na wewe?*

Utaniambia, mimi sina dola, nina duka la vyumba viwili na shamba la urithi. Hapo hapo ndipo ninapokupeleka.

Wangapi kati yetu ni waadilifu nje na wakali ndani? Mtu ni mjumbe wa kamati ya msikiti, watu wakigombana anaitwa, anasikiliza upande huu na upande huu, anasuluhisha kwa hekima mpaka wanashikana mikono. Nyumbani kwake mtoto akisingiziwa jambo, haulizwi. Anahukumiwa kwa maneno ya shangazi. Mke anaachwa kwa ujumbe uliotumwa na jirani. Ndugu wa tumbo moja hawajasemeshana tangu msiba wa baba, kwa sababu ya kiwanja, na ukimuuliza mmoja wao kama amewahi kumsikia mwenzake kwa kinywa chake, anakwambia habari zake zote anazo. Kazipata kwa nani? Kwa Rüstem wake.

Suleiman hakukosa elimu. Alikuwa na Abu Suud mlangoni. Alikuwa na kadhi kila mji. Kitu ambacho Mustafa alikikosa siku ile ni muda wa kusimama mbele ya baba yake aseme, baba, nisikilize. Pengine ingechukua saa moja.

Na ogopa pia hii hoja ya kheri kubwa. Nitamdhulumu huyu mmoja ili familia itulie. Nitamficha dada yetu hesabu ya mirathi ili mali isitawanyike. Tunajificha nyuma ya maslahi ya wengi, na utulivu wenyewe hauji. Sharia imeshapanga nani anapata nini katika mirathi, imeshaweka masharti ya ushahidi, imeshatukataza kufuata dhana. Tukifuata hivyo, hatuna haja ya kuogopana.

Basi katika hizi siku zilizobaki, tunapoutafuta usiku wa Laylatul Qadri, nakuomba jambo moja. Yupo mtu uliyemhukumu bila kumsikiliza. Unamjua, jina lake limeshakujia wakati unasoma hapa. Anaweza kuwa mwanao, mkeo, mumeo, ndugu yako, mfanyakazi wako. Mpigie simu kabla ya Idi. Usianze na hukumu, anza na swali, kisha unyamaze umsikilize. Ukikuta amekosa kweli, hujapoteza kitu. Ukikuta umemdhulumu, mlango wa toba bado uko wazi na yeye bado yu hai. Suleiman hakuipata nafasi hiyo kwa Ibrahim wala kwa Mustafa.

Ewe Mola wetu, tuongoze tuwe waadilifu kwa walio mbali na walio karibu. Utuepushe na dhana mbaya, na wenye kutia fitina kati yetu na watu wetu. Wasamehe waliotutangulia, wenye viti na wasio na viti, na utujaalie kuupata usiku mtukufu nyoyo zetu zikiwa hazina kinyongo. Amin.

Kesho inshaAllah tutaendelea na Ramadhani 23. Ukiona kuna faida, mtumie ndugu yako, hasa yule msiyesalimiana.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.